Mtoto wa Marekani Akiitwa Nyumbani

Wengi wetu tuna mtoto Marekani mwenye grinikadi, yaani kibali cha kuishi huko daima. Mzee akiugua, au kesi ya shamba ikizuka, tunampigia: njoo ukae mpaka mambo yaishe. Si vibaya. Lakini kama anangojea uraia wa huko, tuulize kwanza atakaa muda gani.

Sheria yao inataka mwenye kadi awe ameishi huko miaka 5 kabla ya kuomba, au 3 kama ameoa au kuolewa na raia na wanaishi pamoja. Katika ile 5, siku alizokuwa ndani ya nchi zifike angalau miezi 30. Wengi huishia hapo, kumbe iko hesabu nyingine, ya kila safari. Safari moja ikipita miezi 6, wakubwa wa huko huchukulia kwamba ukaaji wake umekatika, naye ndiye atakayeonyesha kwamba hakuhama: kazi, nyumba, kodi aliyolipa, jamaa aliowaacha kule. Ikifika mwaka mzima, umekatika kweli. Kwa kawaida atangoja miaka 4 na siku 1 tangu arudi ndipo aombe.

Kiko kibali cha kurudi ambacho huombwa kabla ya kusafiri. Hicho husaidia kulinda kadi, si hesabu ya uraia.

Na wanaoogopea shamba: tangu Katiba ya 2010, Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia wake akichukua wa nje.

Jadilini kikundini: mtoto akirudi baada ya miezi 5, nani atashika zamu ya kumuuguza mzee?