Bibi Estelle Witherspoon na Chama cha Washonaji

Katika nchi ya Marekani, upande wa kusini, liko jimbo liitwalo Alabama, na ndani yake wilaya ya Wilcox. Zamani watu weusi wengi wa huko walilima pamba katika mashamba yasiyo yao. Wakati wa baridi upepo ulipenya katika nyumba zao za mbao. Kwa hiyo wanawake walishona mifarishi.

Mfarishi ni nguo nzito ya kujifunika usiku. Mshonaji hukusanya vipande vya nguo kuukuu, huviunga viwe kitambaa kimoja kipana, hutandaza pamba chini yake, na chini ya pamba huweka kitambaa cha pili. Kisha hupitisha sindano katika tabaka zote tatu, pamba isipate kusogea.

Mwaka 1965 watu hawa walikuwa wakidai haki ya kupiga kura. Wengine waliojiandikisha walifukuzwa mashambani, wakakosa mahali pa kukaa. Mwezi wa Desemba mwaka huo kasisi mmoja, jina lake Francis Walter, alikuwa akipita njiani akaona mifarishi imeanikwa kambani, akastaajabia uzuri wake. Basi akaanza kuwanunulia wanawake mifarishi yao, kila mmoja kwa dola 10, ikapelekwa New York kuuzwa kwa mnada. Mwezi wa Machi mwaka 1966 wanawake wakaunda chama chao wenyewe, kiitwacho Freedom Quilting Bee, maana yake washonaji wa uhuru.

Bibi Estelle Witherspoon alikuwa mmoja wa waanzilishi. Mama yake, Willie Abrams, alikuwa mshonaji hodari, na binti naye alikuwa fundi wa sindano. Lakini wenzake walimheshimu zaidi kwa kuwa alikubali kuwa msimamizi. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka mingi. Wenye maduka ya mjini walitaka kazi ya kipimo kimoja na mishono iliyo sawa, nayo ifike kwa wakati. Hali kila mwanamke alikuwa amezoea kushona nyumbani kwake apendavyo. Ilihitajiwa subira nyingi kuwaunganisha, kama vile vipande vinavyounganishwa na uzi.

Chama kilinunua shamba, na sehemu yake wakauziwa jamaa waliofukuzwa, wapate kujenga. Mwaka 1969 ikajengwa nyumba ya kushonea. Mwaka 1972 duka kubwa la Sears liliagiza foronya za kitambaa kinene chenye mistari. Mabaki ya kitambaa hicho hayakutupwa: wanawake waliyachukua wakashona mifarishi yao. Mwaka 2002 mifarishi ya kijiji cha Gee's Bend, katika wilaya hiyo hiyo, iliwekwa katika jumba la sanaa la Houston, na watu wakaja kuitazama.

Chama kilifungwa mwaka 2012, lakini sifa ya msimamizi wake haikufungwa. Kipande kimoja cha nguo hakimfuniki mtu. Vikiungwa vingi, jamaa nzima hulala katika joto. Umoja ni nguvu.

Maswali
1. Mfarishi una tabaka ngapi, na kila moja ni ya nini?
2. Kwa nini watu wengine walifukuzwa mashambani?
3. Kwa nini kazi ya msimamizi ilihitaji subira?
4. Katika kijiji chenu, ni kazi gani inayofaa kufanywa kwa ushirika?