Mbwa Chotara Naye Huugua

Kijitabu cha elimu ya afya kwa kaya za Nyahanga, Kahama

Wengi wetu tunafuga mbwa chotara, mwenye damu ya kienyeji na ya kigeni. Tumezoea kusema mbwa wa namna hii ni mgumu, haugui. Lakini ugumu si kinga. Asipochanjwa, kichaa humpata kama mbwa mwingine yeyote, na kupitia kwake humfikia mtoto.

KICHAA CHA MBWA

Dalili: mpole huwa mkali, mkali huwa mpole, udenda humtoka, sauti hubadilika, miguu hulegea. Taya likining'inia, watu hudhani mfupa umemkwama kooni. Usitie mkono mdomoni mwake kuutafuta! Virusi vimo kwenye mate.

Mchanje akifikisha miezi 3, kisha kila mwaka. Mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupita.

Mbwa akimuuma mtu, akimparura au akimlamba kidonda:

1. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake pilipili wala mafuta.
2. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, ukamalize sindano zote. Dalili zikishaanza kwa binadamu, ni nadra mno mtu kupona.
3. Mwarifu ofisa mifugo. Mbwa akiweza kufungiwa kwa usalama, achunguzwe siku 10.

KUPE

Wanapenda masikio na katikati ya vidole. Mbwa akiwa na homa, fizi nyeupe na mkojo mwekundu, huenda kupe wamemwambukiza ugonjwa wa damu. Muulize mtaalamu kipimo cha dawa ya kuua kupe. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ikizidi ukali huua mbwa.

UPELE

Usimpake oili chafu. Atailamba, nayo ni sumu. Ipo sindano ya upele kwa mtaalamu wa mifugo.

MINYOO NA KUHARA

Mpe dawa ya minyoo kila miezi 3. Fukia kinyesi chake, kwani mayai ya minyoo hubaki mchangani watoto wanapocheza. Usimpe maini wala mapafu mabichi. Mtoto wa mbwa akitapika na kuhara damu, usisubiri kesho.

LEO JIONI

Anapomaliza ugali wake, mwite. Pekua masikio, tazama fizi, pitisha vidole manyoyani. Kisha tafuta kadi ya chanjo. Kama mwaka umepita, au kadi haipo, kesho asubuhi mpeleke akachanjwe.