Mukaguzi wa mutueli akiomba fishi

Muganga, siku moja mukaguzi wa mutueli atafika katika biro yako. Ataweka mufuko wake juu ya meza na kusema: "Mama huyu amekuja hapa mara kumi na moja. Homa hana, kidonda hana. Tunalipa nini? Nipe fishi yake nisome." Utafanya nini?

Kuuliza si kosa lake. Mutueli ni mali ya watu. Wameweka franka zao pamoja, inawapasa kujua kwamba haziibiwi. Mugonjwa wa malaria, damu yake imepimwa, mukaguzi anaona. Lakini mutu anayetibiwa akili huku analala kwake nyumbani, sehemu kubwa ya matibabu yake ni kuzungumza na wewe, tena mara nyingi. Ndiyo sababu mukaguzi ana mashaka. Na ndiyo sababu fishi ile ina mambo ambayo fishi ya malaria haina.

Mimi mwenyewe nilikosa hapo. Nilipokuwa muganga kijana katika kituo kimoja, niliandika yote ya mama mumoja juu ya fishi moja: halali usiku, anasikia sauti, na mambo yake na bwana yake. Fishi ikaenda pamoja na fakture. Karani aliyeisoma alikuwa jirani ya mukwe wa yule mama. Juma halijaisha, watu walikuwa wanayasema kwenye bomba la maji. Mama hakurudi tena, dawa zake zikaisha. Nilimuona mara moja sokoni, akageuza uso.

Tangu pale ninafundisha wanafunzi kushika karatasi mbili. Ya kwanza ni ya matibabu: namba ya mutueli, tarehe za kuja, jina la ugonjwa, dawa na kipimo chake, anaendelea ginsi gani, atakuja tena mara ngapi. Hiyo inamutosha mwenye kulipa. Ya pili ni maneno ya mugonjwa: aliyoona aibu kuyasema, ugomvi wa nyumbani, nani alimupiga. Ile inakaa katika kabati, na ufunguo unakaa na wewe, si na mwenye kufagia. Hata Marekani, ambako bima inalipia watu wengi, sheria inayofuatwa tangu mwaka 2003 iko namna ile: maandishi ya mazungumzo yakiwekwa mbali na fishi, bima haiwezi kukataa kulipa eti kwa sababu mugonjwa amekataa yasomwe.

Kwetu Kongo, kifungu cha 73 cha sheria ya makosa kinasema mutu anayetoboa siri aliyopewa kwa ajili ya kazi yake anaweza kufungwa mwezi mumoja hata sita, isipokuwa ameitwa kushuhudia mbele ya tribinali, ao sheria yenyewe inamulazimisha. Mukaguzi si tribinali.

Kama angali na mashaka? Usimukasirikie, wala usimufiche hesabu. Omba dokta wa mutueli azungumze na dokta wako, juu ya namba, bila jina. Ikiwa hiyo haitoshi, uliza mugonjwa kwanza, kwa luga anayosikia: "Mama, mutueli wanataka kujua jambo hili. Unakubali niwaambie?" Mugonjwa anayeweka kidole chake juu ya karatasi asiyoweza kuisoma, huyo hakukubali kitu. Wengine watakataa, na pengine kituo kitapoteza malipo ya siku zile. Basi, kipoteze.

Angalia tena fakture yenyewe. Jina la haloperidol peke yake linatangaza ugonjwa kwa kila mutu anayejua dawa. Tia fakture katika bahasha, uifunge, uandike juu yake jina la dokta wa mutueli, na usimupe mutoto wa mugonjwa aipeleke. Halafu uende kuangalia rejista, ile inayolala wazi kwenye mulango, ambapo watu wanangojea zamu yao wakisoma majina ya wenzao.