Ruta Yako Ina Nenosiri la Pili: Libadilishe Leo

Malalamiko yanayofika kwenye madawati yetu yanafanana. Bando la mwezi limekwisha kabla ya tarehe 15, na nyumbani wanaishi watu watatu tu. Mama ameandika anwani ya benki yake, ukafunguka ukurasa unaofanana na wa benki lakini sio wenyewe. Tukiuliza, "Nenosiri la ruta mlibadilisha?", tunajibiwa, "Ndiyo, fundi alibadilisha." Kumbe fundi alibadilisha jingine.

Tusikilizane vizuri. Ruta ina maneno mawili ya siri. La kwanza ni la Wi-Fi, lile unalompa mgeni akishakaribishwa. La pili ni la kuingia kwenye mipangilio ya ruta yenyewe, na mwenye hilo ndiye mwenye nyumba. Hilo la pili ndilo watu hawaligusi, na ndilo lililotufanya tuandike kijitabu hiki.

Kila mtu analijua

Ruta nyingi zimetoka kiwandani na jina "admin" na nenosiri "admin". Wezi wa mtandao wanalijua kama wewe. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai ilizunguka dunia ikijaribu orodha ya maneno ya siri ya kiwandani, kama 60 hivi tu, ikateka kamera na ruta za watu kwa mamia ya maelfu. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa vilivyotekwa vilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na kwa saa kadhaa watu wengi hawakuweza kufungua Twitter wala Netflix. Uingereza imeweka sheria: tangu tarehe 29 Aprili 2024, kifaa cha intaneti cha nyumbani hakiruhusiwi kuuzwa huko kikiwa na nenosiri rahisi linalofanana na la vingine vyote. Ruta ya mtumba uliyonunua Kariakoo sheria hiyo haiilindi. Ilinde wewe.

Aliyeingia kwenye mipangilio hana haja ya kuigusa simu yako. Anabadilisha namba za DNS, ambazo ruta huzitumia kuuliza benki ipo wapi, kisha kila aliye nyumbani anaelekezwa kwenye benki ya uongo. Simu ikikuonya kwamba ukurasa si salama, usibonyeze kuendelea. Tunarudia: usiendelee.

Namna ya kulibadilisha

Unganisha simu na Wi-Fi ya kwako. Fungua kivinjari, andika namba iliyo kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya ruta. Mara nyingi ni 192.168.1.1, 192.168.0.1 au 192.168.100.1. Menyu kwa kawaida ni za Kiingereza, hivyo tafuta neno Administration, System au Management. Weka nenosiri jipya lenye herufi na tarakimu zisizopungua 12. Namba yako ya simu haifai. Jina la mtoto halifai. Liandike kwenye daftari la kabatini, lisibandikwe kwenye ruta.

Ungali humo ndani, chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3. WEP, ulinzi wa zamani, ilishavunjwa tangu 2001. Zima WPS, njia ya kuunganisha kifaa bila kuandika nenosiri la Wi-Fi: namba yake ya siri ina tarakimu 8, lakini ruta huikagua nusu kwa nusu, hivyo majaribio 11,000 yanatosha kuipata. Zima pia ruhusa ya kuisimamia ruta kutoka nje ya nyumba.

Onyo kwa wanaokimbilia kitundu cha reset: ukikibonyeza kwa sindano sekunde kama 10, kila kitu kinarudi kama kilivyotoka kiwandani, pamoja na lile "admin". Kwa wenye faiba, mipangilio ya kampuni inaweza kufutika na ukabaki bila intaneti mpaka waje.

Kijitabu hiki kinamhusu nani

Mwenye mkataba wa intaneti ya nyumbani, na mpangaji aliyeruhusiwa na mwenye nyumba. Ofisi na shule zina taratibu zake. Kuingia kwenye ruta ya jirani bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, hata kama nenosiri lake ni "admin".

Ukija kulalamika, njoo na mkataba na picha ya ile karatasi ya chini ya ruta, ikiwa umeshabadilisha yaliyoandikwa hapo. Nenosiri jipya usituletee. Ofisa wetu hatakuomba kamwe; akikupigia mtu kuliomba, kata simu.