Bendera Yenye Maneno

Bendera nyingi za mataifa hazina maandishi. Zina rangi, pengine na nyota au picha. Lakini bendera ya Brazili ina maneno. Leo tutasoma habari za bendera hiyo.

Brazili ni nchi kubwa kuliko zote za Amerika ya Kusini. Zamani ilitawaliwa na Wareno. Ilipata uhuru mwaka 1822, lakini ikaendelea kuwa na mfalme. Watumwa walioletwa kutoka Afrika, na watoto wao, walilima miwa na kahawa. Utumwa ulikomeshwa tarehe 13 Mei, 1888. Tarehe 15 Novemba, 1889, mfalme aliondolewa na nchi ikawa jamhuri. Siku nne baadaye ikapata bendera mpya.

Rangi na nyota

Bendera hiyo ni ya kijani. Katikati pana umbo la manjano lenye pembe nne. Ndani yake mna duara la buluu lenye nyota nyeupe.

Watu wengi husema kijani ni misitu na manjano ni dhahabu. Lakini rangi hizo zilikuwa katika bendera ya mfalme. Kijani ilikuwa rangi ya ukoo wa mfalme wa kwanza, Pedro. Manjano ilikuwa rangi ya ukoo wa mkewe, Leopoldina. Mfalme aliondoka, rangi zikabaki. Wananchi wakazipa maana yao wenyewe.

Nyota ni 27. Nyota 26 ni za majimbo. Moja ni ya wilaya ya mji mkuu, Brasília.

Maneno

Duara limekatizwa na utepe mweupe. Juu ya utepe yameandikwa maneno ya Kireno: "Ordem e Progresso". Maana yake ni "Utaratibu na Maendeleo".

Sasa, ndugu msomaji, fikiri. Bendera ilipotolewa, watu wengi wa Brazili hawakujua kusoma. Waliiona ikipepea, lakini hawakuweza kuyasoma maneno yake. Tena, katiba ya mwaka 1891 iliwakataza wasiojua kusoma wasipige kura. Mtu alilima, alivuna, alijenga nchi. Lakini siku ya kuchagua viongozi hakuwa na sauti.

Mwaka 1963 mwalimu Paulo Freire na wenzake walifungua madarasa ya watu wazima katika mji mdogo wa Angicos. Walifundisha wafanyakazi wapatao 300 kwa muda wa saa 40 hivi. Walianza na maneno ya kazi na maisha ya wanafunzi wenyewe. Aliyejua kusoma aliweza kupiga kura.

Mwaka 1964 wanajeshi walitwaa serikali. Freire alifungwa, kisha akaishi nchi za nje. Alirudi kwao mwaka 1980. Mwezi wa Mei, 1985, katiba ilibadilishwa. Tangu hapo hata asiyejua kusoma anaruhusiwa kupiga kura.

Kila raia ana haki yake, ajue kusoma au asijue. Lakini anayejua kusoma hasubiri kuambiwa bendera inasema nini. Anasoma mwenyewe, kisha anauliza: je, maendeleo hayo yamefika kwangu?

Maswali

1. Bendera ya Brazili ina rangi gani?
2. Nyota 27 zina maana gani?
3. Kwa nini watu wengi wa Brazili hawakupiga kura kabla ya mwaka 1985?
4. Jadilianeni darasani: Bendera ya nchi yetu ina rangi gani, na kila rangi ina maana gani?