Liwali wa Sham na Amana ya Msafara wa Hija

Katika zama za dola ya Uthmania, liwali wa Damascus, mji mkuu wa Sham, alikuwa na kazi mbili kubwa: kutawala jimbo lake, na kuwaongoza mahujaji kila mwaka hata Makka na kuwarejesha salama. Sultani alijiita mtumishi wa Haramu mbili. Kwa hiyo msafara ukiharibika njiani, heshima ya dola nzima huharibika pamoja nao.

Mwaka 1743 (1156 Hijria) kazi hiyo alipewa As'ad Pasha al-Azm, baada ya ami yake, Sulayman Pasha, kufariki vitani akipigana na Zahir al-Umar, mkuu wa Galilaya. Alikuta mji hautawaliki. Askari wa kienyeji walishika mitaa na kuwatoza watu kwa nguvu, na Fathi Efendi, mshika daftari la hazina, alikuwa na marafiki Istanbul na uadui na nyumba ya al-Azm. As'ad Pasha alinyamaza, hata watu wakamdhania mnyonge. Kumbe alikuwa akingoja. Mwaka 1746 alipata idhini ya Istanbul, akamwua Fathi, na akavunja nguvu za wakorofi wa mitaani.

Tangu hapo hakuwa na mshindani mjini. Alijenga nyumba kubwa, na khani ya wafanya biashara iliyokamilika mwaka 1753. Lakini si wote waliomsifu: Ahmad al-Budayri, kinyozi aliyeandika khabari za mji ule, alilalamikia ughali wa chakula na wakubwa walioficha nafaka wasikatazwe.

Ama katika njia ya Hija, khabari yake ilikuwa njema. Mabedui walikuwa na ada yao ya fedha ili waupishe msafara, na As'ad Pasha alijua kabila lipi huridhishwa na lipi huogofywa. Kwa miaka 14 mahujaji walipita.

Mwaka 1757 Istanbul ilimhamisha Aleppo, na Damascus akapewa Husayn Pasha ibn Makki, mtu wa Gaza. Jangwa lilikuwa katika ukame, na njaa imewashika mabedui. Banu Sakhr walilishambulia kwanza jeshi lililopeleka vyakula kuwalaki mahujaji, kisha wakauvamia msafara wenyewe ukirejea. Hutajwa kwamba watu kiasi cha 20,000 walikufa, kwa silaha, kwa kiu na kwa jua.

Maadui wa As'ad Pasha walisema ndiye aliyewachochea mabedui ili arudishiwe cheo. Wanahistoria hawakupatana juu ya tuhuma hiyo; lakini mwaka 1758 aliuawa kwa amri ya Sultani Mustafa wa Tatu, na mali yake ikatwaliwa.

Mwenye kutafakari ataona makosa mawili. Wakubwa wa Istanbul walimwondoa mlinzi wa njia pasipo kuuliza njia yasimama kwa nini. Naye As'ad Pasha aliifanya amani ile kuwa yake mwenyewe, hata alipoondoka iliondoka naye. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi: waliolipa ugomvi wa vyeo ni mahujaji, ambao hawakutaka cheo kwa yeyote. Basi amana ya watu isiwekwe katika kifua cha mtu mmoja. Na aliyeishika, amfundishe atakayeipokea baada yake.