Mswada Umekataliwa? Fanya Hivi

Usimjibu mhariri siku hiyohiyo. Barua inayoandikwa kwa hasira huharibu uhusiano utakaouhitaji kesho.

Ukishatulia, isome barua yake upya. Akisema tu kwamba kazi yako "haiendani na mpango wetu", usijilaumu sana. Wachapishaji wetu wengi huishi kwa vitabu vya shule, na riwaya ya watu wazima huwatia hofu ya soko hata ikiwa nzuri. Lakini akitaja kwamba sura ya tatu inajikokota, au kwamba bibi na mjukuu wanazungumza kwa namna moja, amekupa muda wake na hiyo ni zawadi kubwa. Shika kalamu, soma sura hiyo kwa sauti, utie alama kila mahali ulimi unapokwama. Mwandikie asante fupi.

Weka daftari: mswada gani, umeenda wapi, lini, umejibiwaje.

Jaribu pia mashindano. Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hupokea hata miswada ya Kiswahili ambayo haijachapishwa. Soma masharti yote kabla ya kutuma.

Ukikosa, mkumbuke Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar. Mwaka 1994 riwaya yake Paradise iliingia orodha fupi ya Tuzo ya Booker, ikakosa. Akaendelea kuandika, kitabu baada ya kitabu, na Nobel ikaja 2021.

Nawe, unaposubiri jibu, anza hadithi nyingine.